La Tatu Liko Safarini

Skrubu mbili za juu za kibao cha namba zilikubali bila maneno. Ya chini kushoto ilikuwa imeshikwa na kutu, na Breki alikuwa amepiga goti mbele ya gari la wagonjwa, akiidondoshea mafuta kwa kijiti na kuisubiri ilainike. Afisa Usafirishaji alisimama nyuma yake, kwapani amebana kibao kingine cha namba kilichofungwa kwa gazeti.

"Usiing'oe sasa," alisema Afisa. "Legeza tu. Baadaye nikisema toa, itoke kama kofia."

"Hii ya chini ni kaidi, bosi."

"Ibembeleze. Si wewe unayejua kubembeleza vyuma?"

Gazeti lililofunga kile kibao lilikuwa na picha ya jengo lao. Kwa majuma kadhaa magazeti na redio hazikuwa na habari nyingine: Idara ya Afya ya wilaya, ilisemwa, inatumia pesa nyingi kujiendesha kuliko kununua dawa. Chai, semina, safari, matengenezo ya magari, na mafuta. Hasa mafuta. Mtu mmoja alipiga simu redioni akasema kwa mafuta yale, magari ya idara yangekuwa yameshaizunguka dunia na kurudi kuomba maji ya kunywa. Watu walicheka, kisha wakakasirika, na Kamati ya Hesabu za Umma ikatangaza kwamba inakuja kuyaona magari hayo kwa macho yake. Kwenye vitabu, magari ya wagonjwa yalikuwa matatu. Kwenye yadi lilikuwepo moja, na Breki ndiye aliyeliendesha tangu likiwa na nailoni kwenye viti.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kamati ingeliona gari hapa makao makuu. Wageni wakiwa ukumbini wanasomewa taarifa, Breki angelitoa kwa geti la nyuma, angebadilisha kibao, angebandika mstari wa kijani ubavuni, kisha angelipeleka bohari ya hospitali, ambako Kamati ingelikuta tena likiwa gari la pili. La tatu lingetafutiwa maneno. Funika kombe mwanaharamu apite, alisema Afisa, na mwanaharamu mwenyewe alikuwa njiani, anakuja na gari lenye bendera.

Breki alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa. Kilichokuwa kinamkaba tangu alfajiri kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Bosi, nina ombi. Binti yangu ameamka na maumivu ya kiuno. Ndiyo siku zake za kujifungua hizi. Naomba nimfuate nyumbani nimlete hospitali kabla wageni hawajafika."

"Funguo zote ninazo mimi, mzee wangu. Amri ya Mkuu. Hakuna gari linalotoka mpaka Kamati iondoke."

"Nyumbani ni mbali, na mke wangu... mama yake yuko naye peke yake. Mkwe wangu yuko mgodini."

"Mimba ya kwanza hiyo?"

"Ya kwanza."

"Basi haina haraka. Mke wangu kwa ya kwanza alikaa siku mbili, mpaka tukasahau tulichokuwa tunangoja." Afisa alicheka kidogo, kisha akamgusa bega. "Wageni wakiondoka, gari lako. Na mafuta nitakujazia mimi mwenyewe pale bohari. Si unaona mshale umelala?"

Breki aliuona. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye wekundu kwa siku kadhaa. Madereva walimwita Afisa huyu Njoo Kesho, lakini mgongoni tu, na mkataba wa Breki, ambao ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, ulikuwa mezani kwake ukisubiri kutiwa saini. Kwa hiyo alisema ahsante.

Jina la Breki alipewa na wenzake kwa sababu mguu wake, walisema, ulizaliwa juu ya breki. Hakuwahi kukimbiza gari hata siku moja. Aliamini kwamba mgonjwa huuawa na mashimo kuliko ugonjwa, na akishika usukani alilibeba gari kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Binti yake alimtania kwa hilo tangu akiwa mdogo. Alikuwa kitinda mimba, amerithi jina la mama yake Breki, na kwa hiyo Breki alimwita mama, na yeye akajua kulitumia jina hilo vizuri. "Leo mama yako nataka kupanda gari lenye king'ora," angesema akiwa na miaka sita, mikono kiunoni. Breki hakumkubalia. King'ora ni mali ya serikali, king'ora ni cha mtu anayekata roho. Juma lililopita, tumbo likiwa limemzidi hata kuketi ni kazi, alimkumbusha. "Sasa baba huna pa kukimbilia. Utakuja kunichukua, na utawasha king'ora. Nataka mtaa mzima usikie kwamba mimi ni mtoto wa dereva."

"Nitawasha mama," Breki alimjibu. "Watu wote watakosa gari, atalikosa mtoto wa dereva?"

Kamati ilifika jua likiwa limeshapanda. Mwenyekiti wake alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani, viatu vya chini kabisa, na ilisemekana zamani alikuwa mwalimu. Mkuu wa Idara alimkaribisha chai. Akasema hakuja kunywa chai, maana chai ya idara hii ameshaisoma na amevimbiwa. Watumishi waliojipanga barazani walizuia kicheko. Breki alimpenda mama yule hapo hapo. Alimwona ni mtu ambaye ukimwambia jambo atalishika.

Karani wa Kamati alianza kuyaita magari kwa namba, mmoja mmoja anajibu kwa niaba ya gari lake. La Mkuu, lipo. La Naibu wake, lipo. La Utawala, lipo. Lilipoitwa gari la wagonjwa, Breki alisema lipo, na wakati huo huo simu ikatetemeka mfukoni mwake.

Haikuwa simu yake. Ilikuwa simu ya gari, ile ambayo namba yake ilichorwa ubavuni kwa rangi nyekundu ili kila zahanati iipige. Breki alijisogeza nyuma ya mlango.

"Gari la wagonjwa?" Ilikuwa sauti ya mkunga wa zahanati ya kwao. "Mzee Breki, ni mimi. Nina mzazi hapa, mtoto amekaa vibaya na damu imeanza kutoka. Mimi hapa siwezi. Anatakiwa hospitali." Mkunga alishusha sauti. "Ni huyu wa kwako, mzee."

Breki aliibana simu sikioni. "Nipe nimsikie."

Alisikia pumzi kwanza. Kisha, "Baba."

"Mama. Niko njiani."

"Sijasikia king'ora."

"Utakisikia."

Mkunga akaichukua simu. "Mzee, niambie ukweli. Kuna pikipiki hapa nje. Nimpakie au nikungoje?"

Barabara ya kutoka zahanati aliijua shimo kwa shimo. Alimwona mwanawe juu ya kiti cha pikipiki, tumbo lile, damu ile, na mashimo yale. "Pikipiki itamuua," alisema. "Ningojeni. Nakuja na gari."

Alirudi mbio mahali pake. Afisa alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, funguo zimetunisha mfuko wake wa suruali.

"Bosi, nimeitwa. Zahanati. Ni yeye."

"Nani?"

"Binti yangu. Anatoka damu. Nipe funguo."

Afisa hakumgeukia. Aliendelea kuitazama Kamati huku akizungumza kwa midomo tu. "Utatoka na gari mbele ya macho yao kabla hawajalikagua? Wataandika gari halipo. Tukibaki na sifuri hapa, unadhani atafungwa Mkuu? Nitafungwa mimi, na wewe unayelegeza skrubu."

"Bosi, ni mwanangu."

"Najua. Nina watoto pia. Wamebakiza gari hili tu, halafu tunakwenda bohari, unajaza mafuta, unapitiliza. Kwa mshale ule utafika wapi? Utazimika mlimani na mgonjwa ndani."

Lilikuwa jambo baya kusikia, na lilikuwa kweli. Gari ambalo mafuta yake yalikuwa yameitikisa nchi nzima halikuwa na mafuta ya kufika zahanati na kurudi.

Mwenyekiti aliwafikia. Alivaa miwani, akalizunguka gari taratibu, akachungulia ndani, akaigusa machela, akauliza mtungi wa oksijeni una kitu au ni pambo. Mkuu alijibu kila swali. Mwishowe mama yule akamgeukia Breki mwenyewe na kumtazama kama mwalimu anayemtazama mtoto wa nyuma kabisa darasani, kwa huruma na bila haraka.

"Baba dereva. Hawa wakubwa nimewasikia. Nataka nikusikie wewe. Una lolote la kutuambia kuhusu gari hili?"

Breki alifungua mdomo. Alikuwa na la kumwambia, na hakuwa mwoga kama watu walivyodhani baadaye. Alichofanya ni hesabu ya dereva, hesabu aliyoifanya maisha yake yote: njia ipi ni fupi. Akisema ukweli, mama huyu atataka kujua zaidi. Atamwita karani. Ataketi, ataandika, atamwita Mkuu ajibu, Mkuu atakana, polisi wataitwa, gari litawekwa kizuizini kama ushahidi. Akinyamaza, wataondoka, na gari litakwenda kwenye mafuta.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema. "Gari linafanya kazi vizuri."

Mwenyekiti aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akashukuru, na wakaingia ukumbini.

Skrubu ya chini ilikataa katakata. Nyuma ya geti Afisa aliikata kwa koleo, akafunga kibao kipya kwa skrubu mbili za juu tu, mstari wa kijani ukabandikwa mkunjomkunjo. Afisa aliketi mbele pamoja na Breki. Kwenye njia panda, kulia ni bohari na kushoto ni barabara ya kwao. Breki aliwasha taa ya kushoto bila kujua kwamba ameiwasha.

"Mzee Breki," Afisa alisema kwa upole. "Mafuta yako kulia."

Akakata kulia.

Bohari ilikuwa jengo refu la mabati lenye pampu ya mafuta uani. Mtunza bohari, mzee mwenye mguu mmoja mzito, ndiye aliyeshika ufunguo wa pampu, na alikuwa ameambiwa asiifungue mpaka wageni wapite, mita isije ikasomeka vibaya. Breki hakutakiwa kuonekana, kwa kuwa Mwenyekiti alikwisha kumwona. Walimvua koti lake la kazi wakamvisha mtunza bohari, naye Breki akaingizwa ndani, katikati ya maboksi ya vyandarua, mlango ukarudishwa.

Simu ilitetemeka. Aliiweka sikioni.

"Baba watoto, uko wapi?" Alikuwa mkewe. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtoto anaishiwa nguvu. Anauliza baba yuko wapi."

"Niko kwenye mafuta."

"Mafuta gani tangu asubuhi?"

"Nakuja, mama watoto. Wanamaliza sasa hivi."

"Akina nani?"

Nje milango ya magari ilifunguka na kufungwa. Alisikia sauti ya Mwenyekiti ikikaribia, na kupitia tundu la msumari kwenye bati aliona mkono wake ukilala juu ya boneti.

"Hili linachemka. Limetoka wapi?"

"Kazini, mheshimiwa," alisema Afisa. "Halipumziki hili."

"Mbona linafanana sana na lile la kwanza?"

"Ndugu wa tumbo moja, mheshimiwa. Yalikuja pamoja."

Kikapita kicheko, cha heshima. Karani akaita namba ya pili, na mtunza bohari ndani ya koti la Breki akajibu, lipo.

"Na la tatu?" aliuliza Mwenyekiti.

Breki alimsikia Mkuu wa Idara akikohoa.

"La tatu liko safarini, mheshimiwa. Limekwenda kuchukua mjamzito zahanati moja ya huko juu. Hali yake si nzuri, tusingeweza kulizuia kwa ajili ya ukaguzi."

"Mmefanya vyema," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ililainika kwa mara ya kwanza siku ile. "Tena mmefanya vyema sana. Ningekasirika kama mngelizuia. Hiyo ndiyo kazi ya gari la wagonjwa. Andika, karani, la tatu liko safarini."

Breki alisimama katikati ya vyandarua, simu bado iko sikioni, mkewe bado yuko kwenye simu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa kufuli. Angeweza kuusukuma kwa kidole. Amejiuliza jambo hilo tangu siku ile na hajapata jibu linalomtosha: kwa nini hakuusukuma. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa anasema moyoni, wanaondoka, wanaondoka, sasa wanaondoka.

Hawakuondoka mara moja. Magari ya Kamati yalikuwa yametoka mbali, na Mkuu, kwa uungwana wa mwenyeji, aliagiza yajazwe mafuta kwanza. Yalipanga foleni kwenye pampu, moja baada ya jingine, lile la bendera mbele, na gari la wagonjwa nyuma ya yote. Mwenyekiti alikataa. Alisema hatajaza mafuta ya watu aliokuja kuwakagua. Wenzake walimbembeleza, wakabishana naye dakika nyingi za adabu, mwishowe gari lake likatoka kwenye foleni, na mengine yakajazwa.

Breki alipotoka getini aliwasha king'ora. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, yeye Breki, na gari likaruka mashimo ambayo kwa miaka yote ile alikuwa ameyakwepa moja moja. Wachuuzi walivuta mikokoteni pembeni. Watoto wa shule walisimama wakapunga mikono. Alitaka king'ora kifike kabla yake, kipande mlima, kimwambie, mama, huyu hapa baba yako, amekiwasha.

Aliwakuta chini ya mlima, kabla ya daraja. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa, mwenye pikipiki amekaa kando ya barabara ameshika kichwa. Mkewe alikuwa ameketi majanini, miguu ameinyoosha, kichwa cha binti yao mapajani. Alikuwa amemfunika khanga hadi kidevuni, na ile khanga haikuwa na rangi yake tena kuanzia kiunoni kwenda chini. Breki aliruka, akafungua mlango wa nyuma, akaivuta machela. Taa zilikuwa zinazunguka. Mkewe hakuinuka.

"Zima hiyo kelele, baba watoto," alisema. "Zima."

Akaizima.

Walizikwa wawili, mama na mwana wake, katika kaburi moja. Mkwe alifika kutoka mgodini ardhi ikiwa imeshafukiwa, akasimama hapo na mfuko wa nguo za mtoto mchanga mkononi, asijue ampe nani.

Idara ile ilikuwa na kasoro zake, lakini kwenye misiba haikosi. Siku ya tatu walikuja wote. Watu wa matangani walisikia miungurumo kabla ya kuona kitu, kisha msafara ukatokea kwenye kona: gari la Mkuu, la Naibu wake, la Utawala, lile la semina ambalo mwaka mzima lilisemekana ni bovu, na nyuma kabisa, likiendeshwa na Afisa mwenyewe, gari la wagonjwa. Machela ilikuwa imetolewa ili kupata nafasi. Ndani vilipakiwa viti vya plastiki vya kukalia waombolezaji, mpaka juu. Mbele lilikuwa bado limevaa kibao cha uongo, kinachezacheza kwa kukosa skrubu za chini.

Ua wa Breki ulikuwa mdogo. Magari yalisita, hayajui pa kuingia. Jirani mmoja alikuwa na redio ndogo, na redio ilikuwa inasema kwamba Kamati imekamilisha ukaguzi, kwamba imebaini dosari katika matumizi ya chai na semina, lakini kwa upande wa magari ya wagonjwa imeridhika. Mtu akaizima kwa heshima.

Ndipo Breki aliinuka mkekani. Watu walidhani anakwenda kuwalaki wageni. Alikwenda akasimama katikati ya njia, kama alivyosimama kila asubuhi yadini, akainua mkono. Aliliingiza la Mkuu ubavuni mwa nyumba. Alilikatisha la Utawala nyuma yake. "Njoo. Njoo. Kata kushoto. Bado. Hapo." Mkewe alimtazama kutoka mlangoni, akaweka kiganja mdomoni. Gari la wagonjwa aliliweka ndani kabisa, kwenye kivuli, na mengine akayapanga mbele yake, bampa kwa bampa. Alifanya kazi hiyo vizuri. Hakuna lililokwaruzwa.

Viti vilishushwa, watu wakaketi. Mkuu alisimama kuzungumza. Alisema kwamba binti huyu hakuwa wa mzee Breki peke yake, alikuwa binti wa idara. Alisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Afisa alisimama kando yake, bahasha ya rambirambi mkononi, funguo zinatunisha mfuko wake wa suruali.

Simu ikatetemeka. Breki hakujua hata kama alikuwa nayo. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya simu ya gari, na siku zote tatu mkono wake ulikuwa umeichaji kwa mazoea.

"Gari la wagonjwa?" Alikuwa mwanamke, mgeni kwake, anahema. "Hapa zahanati ya mtoni. Nina mtoto, degedege, haachi. Gari lipo?"

Breki aligeuka akalitazama. Lilikuwa pale kivulini, limezibwa na magari manne aliyoyapanga kwa mkono wake.

"Lipo," alisema.

Akaanza kutembea. Alipita katikati ya viti, simu sikioni, akaruka miguu ya watu, na hakuna aliyemzuia kwa kuwa mfiwa hazuiwi. Alimfikia Afisa. Akamnyooshea mkono, kiganja wazi.

Mkuu alikatiza hotuba. Aliutazama ule mkono, akamtazama mzee, na uso wake ukajaa huruma. Akampa Afisa ishara kwa jicho. Afisa akasogea hatua moja, akainama kidogo, akaiweka bahasha kwenye kiganja kile na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Pole sana, mzee wangu," alisema.

Watu waliitikia kwa sauti ya chini, wakashukuru kwa niaba yake. Na kwenye simu yule mwanamke alikuwa anauliza, dereva, dereva, limeshaondoka?